Mpagazi Aliyeachwa Njiani

Taarifa ya msiba wa Bi Nyamizi ilinikuta sokoni nikichagua nyanya, na jambo la kwanza nililofanya, Mungu anisamehe, halikuwa kulia. Niliuliza alikula nini siku ya mwisho. Ndivyo nilivyo. Habari yoyote ikinifikia, njema au mbaya, naigeuzageuza kwa maswali kabla sijaipokea. Binti yake, aliyenipigia simu, akasema mama alikunywa uji wa ulezi nusu kikombe na kulalamika kwamba haukutiwa limau. Hapo ndipo nilipolia, palepale mezani pa watu, na mwenye nyanya akaniongezea mbili bila kuambiwa. Siku ya pili yake nilikuwa Isikizya, msibani. Katika kikundi chetu cha zamani, alichokiongoza yeye, tulikuwa watu kumi, na waliofika kuzika walikuwa wanne. Mmoja wao alikuwa Maganga, aliyetoka Lusu, kichwa chote mvi, kofia mkononi, amevaa koti lililomzidi mabega. Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi. Aliponipa mkono wa pole nilihisi swali likinipanda kooni, swali nililokaa nalo tangu nikiwa msichana wa miaka ishirini na mitatu. Nikalimeza kwa sababu jeneza lilikuwa linatolewa nje. Lakini siwezi kulieleza swali hilo bila kuueleza mwaka wenyewe.

Mwaka ule kikundi chetu cha sanaa kilikuwa na chumba Ng'ambo, mtaa wa Tabora mjini, nyuma ya duka la vitambaa la Mzee Jayanti. Zamani kilikuwa stoo ya asali. Asali yenyewe ilishauzwa miaka mingi nyuma, lakini harufu haikutoka, na kila joto lilipozidi nyuki waliingia kwa dirisha moja tulilokuwa nalo, wakazunguka, wakakuta watu wanaimba, wakaondoka. Tulizoea kucheza ngoma tukiwakwepa. Upande wa duka palikuwa na ukuta wa mbao tupu, na mimi nilijichagulia pa kukaa penye ule ukuta, nikidai ndipo penye mwanga wa kuandikia, kwani mwandishi wa michezo ya kikundi nilikuwa mimi. Ukweli ni kwamba pale nilisikia kila lililosemwa dukani: nani anaoa, nani kapunguza unene, nani kanunua kitenge cha mke wa pili. Mzee Jayanti alizaliwa Tabora na baba yake pia, alisalimia wateja wa asubuhi kwa "mwangaluka" kama Mnyamwezi mwingine yeyote, na alikuwa na tabia ya kuzungumza peke yake duka likiwa tupu. Nimejifunza uandishi kwenye ule ukuta kuliko mahali pengine popote.

Kazi iliyotulisha ilikuwa michezo ya afya. Kulikuwa na mradi uliotulipa kwenda vijijini, Uyui hadi Nzega, kuigiza watu wanaougua, wanaofiwa, wanaofukuzwa majumbani kwa sababu ya maradhi. Mimi peke yangu nilikufa mara mbili kwa wiki. Bi Nyamizi, kiongozi wetu, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mfupi, mwenye sauti iliyofika mwisho wa uwanja bila kipaza sauti, alikuwa na utaratibu wake baada ya kila onyesho. Hakuna aliyeruhusiwa kula wala kupanda gari kabla ya kuvua. Kuvua maana yake ni hii: beseni la maji linawekwa chini, mwigizaji ananawa uso, anamtaja mtu aliyemwigiza na kumuaga, kisha anataja jina lake mwenyewe, jina la mama yake, na chakula anachokitamani jioni hiyo. Mimi nilikuwa nasema: "Bibi Kasanda, nakuacha hapa. Mimi ni Kalunde, wa mama Ester, natamani ugali wa muhogo." Tulikuwa tunacheka sana kwenye beseni lile. Wengine walitaja vyakula ambavyo hawajawahi kuviona. Nilipomuuliza Bi Nyamizi desturi hiyo aliitoa wapi, alisema hakuitoa popote. Aliwahi kumwona mwigizaji mwenzake akienda nyumbani na marehemu aliyemwigiza, na marehemu yule hakuondoka.

Kisha mradi ukafa. Haukufa kwa siku moja, afadhali ungekufa hivyo. Tuliambiwa tusubiri simu. Mwezi ukaisha, tukaambiwa wakubwa wanakaa kikao. Mwezi wa pili hakuna aliyepokea simu yetu. Nimeona shida nyingi maishani tangu hapo, na bado nasema hakuna inayomla mtu kama kungoja jibu ambalo huenda lilishatolewa na hukuambiwa. Mpiga ngoma wetu mkuu, kijana mchangamfu, alianza kupigapiga mapaja yake kwa vidole wakati wote, hata wakati wa kula, hadi mkewe akamfukuza mezani. Dada mmoja aliyekuwa mwimbaji alikata mawasiliano, tukaja kusikia anauza maandazi stesheni na akituona hujifunika khanga. Mimi nilianza kuamka asubuhi nimechoka. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa sijui naogopa nini.

Bi Nyamizi akatoa amri. Kila siku saa kumi alasiri, kazi iwepo isiwepo, watu wote chumbani, kila mmoja na chochote cha kuweka sufuriani. Ndivyo tulivyokula nsansa mwaka mzima, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yakipikwa kwa karanga, na ugali ulioanza kuwa mdogo kadiri miezi ilivyosogea. Alasiri moja nilimsikia kupitia ule ukuta akizungumza na Mzee Jayanti.

"Nyamizi, kazi hakuna," alisema mzee. "Hawa watu wako unawafanyisha nini humo ndani kila siku?"

"Nawafanyisha kuja," alijibu.

"Kuja tu?"

"Wewe si unafungua duka hata siku ambayo hapiti mteja? Ukilifunga, utakaa wapi?"

Mzee akacheka, akasema basi angalau wapunguze makelele wakati wa hesabu zake. Hakutugusia habari ya kodi ya pango siku ile, wala miezi iliyofuata.

Sasa nimfikie Maganga. Alikuwa mchekeshaji wetu, mtu wa miaka thelathini, mrefu, mwenye miguu iliyoonekana kama kila mmoja una safari yake. Akitokea tu kwenye kona ya uwanja, kabla hajafungua mdomo, watoto walianguka kwa kicheko. Katika michezo ya afya yeye alikuwa mlevi, au mganga tapeli, au mume mkaidi. Nje ya jukwaa ilikuwa vilevile. Ukimwambia "pole na homa" alikujibu "nimeshaizoea, tunapanga nyumba moja." Akisema hana chakula tunacheka. Akisema amelala njaa tunacheka zaidi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na sisi tuliokuwa tunakunywa naye kila siku hatukuwa kata, tulikuwa wanywaji tu.

Karibu na katikati ya mwaka akaja ofisa mmoja akiwa na habari njema. Kulikuwa na mpango wa sherehe ya kuwaonyesha wageni historia ya njia ya zamani ya misafara, ile iliyopita Tabora kwenda pwani na kwenda ziwani, na kikundi chetu kingeigiza. Hakuahidi, alisema "uwezekano upo", lakini kwetu neno hilo lilitosha. Nilikwenda kwa wazee kuuliza mambo ya wapagazi, nikaandika kwa siku tisa. Niliandika nyimbo za njiani, utani wa kambini, namna kiongozi wa msafara alivyotembea mbele na ngoma yake. Na niliandika sehemu moja iliyotokana na jambo nililosimuliwa na bibi mmoja wa Ng'ambo: mpagazi akiugua hadi hawezi kusimama, msafara haukuweza kumngoja. Wenzake waligawana mzigo wake, wakamwachia kibuyu cha maji kando ya njia, wakaondoka wakiimba ili asisikie wanavyolia. Bi Nyamizi aliposoma akashangaza watu wote. Alisema mpagazi huyo atakuwa Maganga.

"Mimi?" alisema Maganga. "Mama, watu watamcheka marehemu."

"Wacha wacheke. Wakichoka wataona."

Siku ya kwanza ya kuijaribu sehemu ile, kulikuwa na joto na nyuki watatu chumbani. Tuliuchukua mzigo wake, tukaweka kibuyu, tukaondoka tukiimba kuelekea mlangoni. Nilikuwa wa mwisho, kwa hiyo niligeuka. Maganga alikuwa ameketi sakafuni ameshika kile kibuyu kwa mikono miwili na analia. Hakutoa sauti. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka, na pua inamtiririka bila yeye kuifuta. Wote tukasimama. Alilia kwa muda mrefu kuliko nilivyoandika. Halafu mmoja wetu akaanza kupiga makofi, na sote tukafuata, tukapiga makofi mpaka Mzee Jayanti akaja kuchungulia. Nilipiga makofi kuliko wote. Bi Nyamizi macho yalikuwa yamemlowa kwa furaha. "Hapohapo!" alisema. "Umeipata, mwanangu. Rudia hapohapo."

Akarudia. Akarudia kesho yake, na kila alasiri kwa wiki sita, na kila siku alilia vilevile. Mimi nilikaa ukutani kwangu na daftari nikiandika jinsi alivyofanya: namna kidole gumba kilivyosugua shingo ya kibuyu, namna alivyopumua kwanza kwa mdomo. Nilitaka kujua siri ya ufundi wake. Naona aibu kuandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa, nilikuwa na udadisi wa kila kitu isipokuwa mtu mwenyewe. Beseni la kuvua lilikuwa limeegeshwa kwenye kona tangu mradi ulipokufa. Tulisema haya ni mazoezi tu, hakuna wa kumvua. Sidhani kama watu wa kazi nyingine wangeweza kukosea hivyo. Mkulima akimkuta mwenzake shambani analia, atauliza kuna nini. Sisi tulimkuta mwenzetu analia tukamsifu kwa kulia vizuri.

Ofisa akarudi. Alitazama mchezo wote, akapenda nyimbo, akapenda utani wa kambini. Akasema wageni watakuwa na saa moja tu na wanataka kuondoka na furaha. Jioni ile Bi Nyamizi aliniita, akaniuliza kipi kipungue. Kwa kweli yeye alitaka kupunguza nyimbo. Mimi ndiye niliyesema, "Tumtoe mpagazi. Ndiyo sehemu ndefu, na ndiyo inayohuzunisha." Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nilikuwa na hakika. Nilitaka sana ile kazi, nilitaka tule nyama. Kesho yake yeye mwenyewe akawatangazia wote, bila kunitaja, kwamba sehemu ya mpagazi imeondoka. Maganga akaruka juu akapiga viganja. "Afadhali! Magoti yangu yamepata uhuru." Tukacheka. Alikuwa mchekeshaji wa msafara tena, akicheza mtu anayebeba kuku wa tajiri. Siku iliyofuata hakuja. Siku ya tatu hakuja. Wiki ilipoisha, ofisa naye alituma neno kwamba sherehe imeahirishwa, na mpaka leo imeahirishwa.

Mwenye nyumba ya Maganga alituambia amekwenda kwa dada yake Lusu, ameacha hata viatu. Tulikwenda mimi na Bi Nyamizi. Dada mtu alitupokea uani, akatupa vigoda, akasalimia "shikamoo, mama" huku akiangalia mlango wa chumba. Alizungumza kwa sauti ya chini. "Hali chakula, halali usingizi. Nikiamka namkuta amekaa vilevile nilivyomwacha. Juzi alinikabidhi simu yake na shati lake zuri, akasema nimpe yeyote nitakayeona anafaa. Mimi nimeficha kamba zote za humu ndani." Sikuwahi kufikiri kwamba mtu aliyetuchekesha wote angeweza kutuondokea hivyo, na niliogopa kwamba tunaweza kuwa tumechelewa.

Alikuwa ameketi kwenye mkeka anabangua karanga. Aliweka punje kwenye ungo, maganda kwenye ungo huohuo. Hakututazama. Bi Nyamizi alimsalimia. Akaomba beseni la maji. Aliliweka mbele yake kama tulivyofanya vijijini, akasema kwa upole, "Vua, mwanangu. Kosa langu, sikukuvua. Yule mpagazi umekwenda naye. Mwache hapa."

Maganga aliyatazama maji. Ilikuwa mara ya kwanza kusema, dada yake alituambia baadaye, kwa siku mbili.

"Nivue nini, mama? Sikuwa nimevaa mtu."

Nilisikia karanga moja ikidondoka sakafuni. Nilimwona Bi Nyamizi akielewa. Uso wake ulizeeka nikiwa namtazama. Kisha mwanamke yule, ambaye sikuwahi kumsikia akimwomba mtu radhi, alipiga magoti kwenye mkeka mbele ya kijana aliyemwita mwanawe. "Ulikuwa unalia," alisema. "Ulikuwa unalia kweli, na mimi nikakwambia urudie. Nisamehe." Maganga aliendelea kubangua. Lakini baada ya muda alianza kutenga maganda upande wake, na Bi Nyamizi akasogea akaanza kumsaidia, na mimi nikafuata. Tulibangua gunia zima siku ile.

Mambo mengine yalikuwa ya kawaida na ya polepole, ndiyo maana watu hawayasimulii. Kulikuwa na muuguzi aliyesomea maradhi ya akili, aliyemsikiliza Maganga bila haraka na kumpa dawa. Bi Nyamizi alihakikisha anazimeza. Tukapangana zamu, kila wiki watu wawili Lusu, si kumfariji, alikataza kufariji, bali kufanya kazi iliyopo: kupalilia, kuchota maji, kuanika viazi. Na chumbani Ng'ambo akaweka sheria mpya. Mtu akilia kwenye mazoezi, au akikasirika, au akicheka kupita kiasi, kabla ya makofi na kabla ya kitu chochote kingine lazima mmoja amuulize: "Ni wewe au ni yeye?" Mwanzoni tuliona haya. Baadaye tukashangaa ni mara ngapi jibu lilikuwa "ni mimi." Mpiga ngoma alijibu hivyo, tukajua kwamba mkewe amerudi kwao. Hata mimi nilijibu hivyo siku moja katikati ya wimbo wa harusi, na sufuria ikaungua watu wakinisikiliza. Kazi zilirudi kidogokidogo, harusi hapa, uzinduzi pale. Maganga alirudi mwaka ukikaribia kuisha, saa kumi kamili, na mfuko wa matobolwa, viazi vitamu alivyovichemsha na kuvikausha mwenyewe. Aliigiza miaka mingine mitatu, kisha akachagua kilimo. Hakuwahi kuuzungumzia mwaka ule, wala hakuwahi tena kumzoea Bi Nyamizi. Alimheshimu, alimsalimia, lakini kulikuwa na kizingiti. Sote tulidhani ni yale makofi.

Kwa hiyo baada ya mazishi, watu walipokwisha kula na kwaya ya Wamoraviani ikipumzika, nilikwenda kukaa kwenye mkeka wa Maganga. Nikamuuliza lile swali langu. "Kaka, naomba unisamehe kwa kukuuliza leo. Ile siku ya kwanza tulipokupigia makofi, ulijisikiaje?" Miaka yote nilikuwa nimejiandalia jibu lake. Nilijua atasema ilimuua.

Alifikiri. "Nilishangaa," alisema. "Mama yangu alikuwa amefariki mwezi ule, mimi sikuwa na nauli ya kwenda kumzika, na sikumwambia mtu kwa sababu nilijua mtacheka. Sasa nikakuta kumbe kuna saa moja kwa siku naruhusiwa kulia, na watu wanafurahi. Nilikuwa nasubiri saa kumi kama mgonjwa anavyosubiri dawa. Yale makofi hayakuniumiza, dada. Yaliniweka hai wiki sita."

"Sasa nini kilikuangusha?"

"Walipoikata ile sehemu." Aliangalia upande wa makaburi. "Nilipokwenda nyumbani jioni ile nilijua sina tena mahali. Nimejaribu sana kumsamehe huyu mama. Alipiga magoti mbele yangu kwa kosa ambalo halikuwa kosa, na lile lenyewe hakuligusa kabisa. Nimeshindwa kumwuliza mpaka amekwenda."

Kelele za msiba ziliendelea, sufuria, watoto, mtu akitafuta funguo za pikipiki. Ningeweza kunyamaza. Bi Nyamizi alikuwa amelichukua lile jambo kama lake, hakunitaja siku ile wala miaka yote baadaye, na sasa alikuwa chini ya udongo hawezi kunitaja tena.

"Si yeye," nikasema. "Yeye alitaka kukata nyimbo. Aliniuliza mara mbili. Aliyekata ni mimi."

Maganga alinitazama kwa muda mrefu, na mimi sikuthubutu kuondoa macho. Niliona hasira ikija, kwa kweli niliiona, kisha ikaja nyingine nyuma yake, ambayo haikuwa juu yangu.

"Miaka yote hii," alisema. "Nimemnunia bure."

Aliinuka kwa kushika goti, akavuta koti lake, akaanza kutembea kuelekea makaburini nyuma ya shamba la karanga. Nilimfuata kwa mbali. Alichuchumaa penye udongo mbichi, akavua kofia, akaanza kuzungumza kwa Kinyamwezi, taratibu. Nilibaki pembeni nikamsubiri amalize, na alikuwa na mengi ya kusema.